Boksi la Spika Nne

Nyumba ya Kong Aitimon, yaani Dada Aitimon kwa lugha yetu, iko chini ya barabara ya Lumparing, na kuifikia lazima ushuke ngazi za mawe zilizochongwa kwenye kilima, ukuta upande mmoja na mabati ya majirani upande wa pili. Ngazi hizo nazijua kwa magoti. Mimi, Bah Lam, yaani Kaka Lam, hupiga besi, na mpiga besi katika bendi ndiye punda wa bendi. Mwimbaji hubeba sauti yake, mpiga ngoma hubeba vijiti viwili na malalamiko, na vyote vinavyobaki ni vya mgongo wangu.

Aitimon ni binti wa mwisho wa mama yake, na kwetu Shillong, huku milimani India, hilo si jambo dogo. Dada wakubwa huanzisha miji yao, kaka huenda kuishi kwa wake zao, na yeye wa mwisho hubaki na nyumba ya mama. Pamoja na nyumba hubaki na kila mtu wa ukoo aliyechoshwa na dunia. Mgonjwa huuguzwa kwake, aliyefukuzwa na mke hurudi kwake, na msiba wa yeyote huwekwa kwake. Watu wa nje husema kabahatika, karithi nyumba. Mimi nasema karithi birika lisilotoka motoni.

Siku zote nilizomjua ameishi kwa cherehani. Hushona sare za shule, sketi nyeusi za marinda na mashati meupe, na ukipita pale juu mwezi wa pili, shule zinapofunguliwa, utasikia cherehani kabla hujasikia jogoo. Mume hakupata, au niseme hakupata nafasi ya kumtafuta. Ni mwanamke mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ukimwona sokoni anachagua samaki wakavu huwezi kudhani kwamba ndiye aliyekuwa mpiga gitaa bora kuliko vijana wote wa mtaa wetu. Nasema bora kuliko vijana wote na simwombi mtu radhi. Nilikuwepo.

Aliyemfundisha ni mjomba wake, Korbar, kaka wa mama yake. Huyo ujana wake ulipita mahotelini, kwanza hapa kwetu, kisha Kolkata, akipigia watu waliokuwa wanakula. Kila alipokuja likizo alimkalisha mtoto kwenye kigoda, akampa gitaa lililomzidi kimo, na akikosea alimgonga kichwani kwa kifundo cha kidole. Kwetu baba hulea, lakini neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake ni la mjomba, kwa hiyo hakuna aliyemwambia aache kugonga. Wala hakuna aliyewahi kumsikia akimsifu. Mtoto akipiga sawasawa, mjomba alisema, "Endelea," basi.

Tulianza bendi Mjomba akiwa Kolkata. Tulipiga misimu kadhaa, harusi, viwanja vya shule, hata kule chini Guwahati mara moja. Kisha mama yake Aitimon akapooza upande mmoja. Aitimon hakuaga bendi. Siku ya mazoezi nilishuka ngazi nikamkuta anamlisha mama yake uji, akaniangalia juu ya kijiko, nikaelewa, nikapanda tena na besi yangu. Mama aliishi miaka mingi katika hali hiyo, na gitaa likakaa juu ya kabati la nguo.

Mjomba Korbar alirudi mkewe alipofariki. Watoto wake ni wa ukoo wa mama yao, wana nyumba yao na mambo yao. Mwanamume wa kwetu akifiwa na mke anajua mlango wa kurudia. Alishuka ngazi na begi moja, akamkuta dada yake keshazikwa na nyumba iko mikononi mwa mpwa. Akapewa chumba cha mbele chenye dirisha. Kilichomfuata nyuma ni uziwi.

Ulianza na vitu vyembamba. Hakusikia tena filimbi ya birika, kisha ndege, kisha sauti za wanawake, jambo ambalo mwanzoni alilisema kama mzaha. Daktari alimpima akamweleza Aitimon pembeni kwamba sauti za juu zimekwenda na hazirudi, za chini zimebaki kwa muda, ngurumo, lori, ngoma, na kwamba hata hizo zitafunga kabla ya majira ya baridi kwisha. Alimwandikia kifaa cha sikioni. Mjomba alikivaa siku mbili, akasema kinampigia kelele za panya, akakitia kwenye kopo la sukari.

Mwaka huohuo baraza la mtaa likatuomba sisi wazee wa bendi ya zamani tupige kwenye tamasha la mwezi wa kumi, uwanja wa shule. Nilishuka kumwambia Aitimon nikijua atakataa. Alikuwa anapindia marinda. Hakusimamisha cherehani mpaka alipofika mwisho wa mshono.

"Mjomba hajawahi kunisikia jukwaani," alisema. "Tulipokuwa tunapiga hakuwepo. Aliporudi nilikuwa nimeacha."

"Basi mpigie hapa nyumbani."

"Hapa mimi ni mtoto wa kigodani, Bah Lam. Nataka anisikie mara moja nikiwa nimesimama mbele za watu. Mara moja tu, kabla masikio hayajafunga. Baada ya hapo nitarudi kwenye sketi zangu na sitakusumbua."

Gitaa lilikuwa zima. Amplifaya nayo ilikuwa zima. Ilikaa ndani ya blanketi miaka yote hiyo na ilipowashwa ilinuka vumbi lililoungua, ikaamka. Boksi la spika ndilo lililokufa. Lilikuwa la zile mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, na mvua zetu mnazijua. Lilivimba, likafanya tumbo, na nilipolishika pembeni likamegekea mkononi mwangu kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Karatasi ya spika panya walishaimaliza.

Hivyo tukaanza kutafuta boksi, mimi, yeye, na Mjomba, maana Mjomba alisema hakuna kitu kikubwa kitakachoingia nyumba ya dada yake yeye asipokikagua. Fedha ilikuwa ile ya msimu wa sare, na haikuwa nyingi.

Tulianzia dukani Police Bazar. Mimi nilikuwa nimeshachagua moyoni. Palikuwa na boksi dogo, jipya, spika moja ya inchi kumi na mbili, wazi nyuma, unalibeba kwa mkono mmoja na mkono mwingine umeshika mwavuli. Sauti yake ilikuwa safi. Boksi lililo wazi nyuma humwaga sauti kila upande, bendi nzima inajisikia, na katika uwanja mdogo kama wa shule hakuna haja ya zaidi. Nilimweleza Aitimon yote hayo kwa ufasaha, na mwenye duka akaitikia kwa kichwa kila nilipovuta pumzi.

Aitimon akachomeka gitaa. Mjomba alikaa kwenye kiti cha plastiki hatua chache mbele ya spika, kofia magotini. Aitimon akapiga wimbo mzima, taratibu, ule ambao Mjomba mwenyewe alimfundisha. Wateja wakanyamaza. Alipomaliza, Mjomba akangoja kidogo, kisha akauliza, "Umeanza?"

Hakuna aliyecheka. Aitimon alichomoa waya, akauviringisha, akamshukuru mwenye duka.

La pili lilikuwa la spika mbili, la kanisa moja lililokuwa linabadilisha vyombo. Bei ilikuwa nzuri, lakini tulipofungua nyuma tukakuta spika moja si ndugu ya mwenzake, imetolewa kwenye redio kubwa ya gari, nayo ingepasuka wimbo wa tatu. Nilisema tulichukue, tubadilishe hiyo moja. Aitimon akapiga hesabu kichwani, akasema spika moja mpya na boksi hilo vitazidi alichonacho. Mjomba yeye alilishika pande zote, akasema halina uzito. Mimi nikamwambia kutokuwa na uzito ndiyo sifa yake. Hakunisikia, au alijifanya hakunisikia. Kwa mtu kama yule hujui.

La tatu tulilikuta Mawlai, kwenye ghala la jamaa mmoja aitwaye Wandap, ambaye enzi zake alikuwa na nywele mpaka kiunoni na bendi ya kupasua mabati. Nywele zimekwisha, bendi imekwisha, boksi limebaki. Spika nne, limefungwa nyuma kote, plaiwudi nene ya kweli ya tabaka nyingi, mbao isiyoogopa mvua. Juu yake alikuwa amepanga viazi vya mbegu.

"Mbili zinalia, mbili zimekufa," Wandap alisema. "Siwezi kukudanganya, Kong. Na mtu yeyote akilibeba peke yake, namwita daktari kwanza."

Bei ilikuwa nusu ya lile dogo la dukani, na nusu iliyopungua ingelipwa na mgongo wangu. Nilimwambia Aitimon wazi kwamba hilo ni boksi la watu wenye lori na vibarua. Nilimwambia pia kwamba sauti ya boksi kama hilo huenda mbele tu, kama mwanga wa tochi. Anayesimama mbele yake anapata yote na wa pembeni anapata baridi.

"Nitamkalisha mbele," alisema.

Akachomeka. Sakafu ya ghala lile ni ya mbao za msonobari, imeinuliwa juu ya mawe. Mjomba alikuwa amesimama, ameegemea fimbo yake. Aitimon akapiga ule wimbo wa dukani. Sauti ilitoka nzito, ya kifuani, viazi vikaanza kutembea juu ya boksi. Nilimtazama Mjomba. Kwanza alitazama fimbo. Kisha akainua kichwa pole pole, akamgeukia mpwa wake, uso umekunjamana kwa hasira ileile ya zamani.

"Kamba ya tatu imeshuka," alisema.

Ilikuwa imeshuka kweli. Aitimon akaikaza, na mimi nikajua kwamba nimeshindwa na kwamba nitalibeba boksi lile mpaka kaburini.

Spika mbili zilizokufa tulizitoa, matundu yake tukayaziba kwa plaiwudi. Fundi wa mtaani akaunganisha nyaya za mbili zilizobaki ili zilingane na amplifaya, maana boksi na amplifaya visipopatana, kimojawapo huungua. Spika mpya hakuweza kununua. Nilisema boksi la spika nne lenye spika mbili ni sawa na basi lenye viti nusu, uzito uleule. Aitimon akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kisha akashona kifuniko cha mvua. Kitambaa alichokuwa nacho ni kile cha sketi za shule, cheusi, kizito. Hakikutosha kwenye pindo, akaongezea ukanda wa kile cheupe cha mashati. Mshono ulikuwa mzuri, mnyoofu, wa mtu anayeheshimu kazi.

Siku ya tamasha ilinyesha tangu asubuhi, mvua nyembamba ya kudumu. Tulishuka wanne, mimi, mpiga ngoma, mwimbaji na shemeji yake, tumevaa suti nyeusi kama tulivyovaa zamani, ingawa vifungo sasa havikufika kwenye matundu. Ngazi zilikuwa zinateleza. Boksi halikushikika. Mwishowe nikapata wazo, na wazo lilikuwa langu, sitamtupia mtu mwingine: tukachukua ngazi ya mianzi iliyokuwa nyuma ya jiko, tukalaza boksi juu yake, mbele yake amplifaya, mbele zaidi sanduku la gitaa, tukafunga kwa kamba, na kifuniko cheusi Aitimon akakitandaza juu ya vyote, akaongeza kipande kingine mpaka mwisho. Tukainua mabegani, wawili mbele wawili nyuma. Aitimon akafuata na mwavuli ameuinua juu ya mzigo, kwa kuwa maji yalikuwa yanaingia kwenye mshono. Mjomba alibaki ndani akifunga tai. Tulipanga kurudi kumchukua.

Tulipanda kwa hatua za kobe, hakuna anayesema neno, maana pumzi ya kusemea haikuwepo. Nusu ya njia nilimwona Kong Merilda wa duka la chai, amesimama kibarazani na kikapu. Akakiweka chini. Akajifunika shali kichwani. Mwanamume aliyekuwa anakunywa chai pale akasimama na kuvua kofia kwenye mvua. Nilijiambia ni adabu gani hii, watu wa Lumparing wameanza lini kuheshimu wanamuziki. Merilda alikuwa analia. Nilitaka kumuuliza ana nini lakini bega lilikuwa linaniua, nikamwinamia kichwa tu, naye akaniinamia, akakimbilia barabarani.

Tulikuwa tunaupakia mzigo kwenye gari wakati kipaza sauti cha baraza la mtaa kilipokohoa. Kikatangaza kwamba mzee Korbar, wa nyumba ya chini, kaka wa marehemu mama yake Aitimon, amekwenda kula tambuu nyumbani kwa Mungu, na mwili ulikuwa unatolewa wakati huu.

Mpiga ngoma alitazama mzigo, akatazama suti zetu, akaketi kwenye ukingo wa barabara akacheka mpaka akashika mbavu. Nikacheka na mimi. Aitimon hakucheka. Alikuwa ameshatoa simu, akasoma ujumbe wa dada yake, akapiga, na simu ikaita na kuita bila kupokelewa.

"Dada zangu wa Nongstoin wanaanza safari," alisema. "Wamekodi gari. Mtu kawapigia. Wakishaingia milimani simu hazishiki."

Tulikimbia kwenye ofisi ya baraza, tangazo likafutwa kwa tangazo jingine, lakini nani husikiliza tangazo la pili? Tuliporudi nyumbani ngazi zilikuwa zimejaa. Watu walishuka na mchele, sukari, majani ya chai, kuni kavu zilizofunikwa na nailoni. Wa mbele walipomkuta marehemu mlangoni, amevaa tai na anatafuta kofia yake, wengine walipiga kelele, wengine wakamkumbatia, mwanamke mmoja akampiga kofi la bega kwa hasira. Kisha wakafanya yale wanayofanya watu wa kwetu wakishafika na mchele. Wakawasha moto. Mtu aliyekuja kukulilia humwambii rudi, hata kama umepona.

Aitimon akavua viatu vya jukwaani, akaketi penye kizingiti, akachukua kisu na kuanza kukata popoo za tambuu ya wageni.

"Kong, tunachelewa," nikamwambia. "Sisi ni wa pili kupanda jukwaani."

"Naona."

"Merilda ndiye aliyeyaleta haya. Aje apokee wageni wake."

"Wageni hawa ni wa nyumba, Bah Lam. Kutoka Nongstoin ni saa ngapi njiani? Watafika wamelia njia nzima, na wasimkute mtu wa ukoo mlangoni? Wapokelewe na muuza chai?" Hakuinua macho. "Nyumba ni mimi. Nendeni mkapige bila gitaa."

Nilikasirika. Nilikasirikia mvua, Merilda, mwenye kipaza sauti, na zaidi ya wote nilikasirikia desturi yetu inayomchukua mwanamke ikampa paa kisha ikamfunga chini yake kama mbuzi. Nilisema hayo kwa sauti. Wanawake wa motoni wakaniangalia, hakuna aliyebisha.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Walikuwa wameshampigia kelele sikioni mpaka akaelewa. Alikuwa anazitazama ngazi, na watu wanaoendelea kushuka.

"Wote hawa wangu?" aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata yule? Yule hajaniamkia tangu nirudi." Akamwonyesha kwa kidole, bila kupunguza sauti, naye yule bwana akainamisha uso. Mjomba akafurahi kidogo. Kisha akamwona mpwa wake pale chini, suruali ya jukwaani, miguu peku, kisu mkononi, na furaha ikamtoka.

Alipiga magoti, kwa shida, akashika mpini wa kisu. Aitimon hakukiachia.

"Nenda," Mjomba alisema.

Aitimon akatikisa kichwa. Akamwonyesha watu, akamwonyesha njia ya Nongstoin, akamwonyesha mlango.

"Nitapokea mimi. Mimi si wa ukoo? Msiba ni wangu, nani ananizidi haki?"

Wanawake walicheka. Aitimon akamsogelea sikioni, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, nzito, ya kujilazimisha kushuka ili imfikie: "Boksi lile nilinunua usikie wewe. Ukibaki hutasikia."

"Najua."

"Hakutakuwa na mara nyingine, Mjomba."

"Najua, mwanangu. Masikio ni yangu, nitashindwaje kujua?" Alikuwa ametulia kabisa. "Wewe ukibaki, hatusikii sote wawili. Leta kisu. Mimi ni kaka wa mama yako, nimesema nenda."

Neno la mjomba halirudishwi. Aitimon aliachia kisu. Alipanda ngazi zile akilia waziwazi, viatu mkononi, na watu waliokuwa wanashuka wakampisha wakidhani bado kuna maiti.

Alipiga. Nitasema hivyo tu kwanza, kwamba alipiga. Tulikuta zamu yetu imeshapita, baraza likatupa nafasi ya mwisho, mvua ikapungua. Kiti tulichomwekea Mjomba mbele ya boksi kilikaliwa na jamaa mmoja mwenye mwavuli, akala mahindi ya kuchoma kuanzia wimbo wa kwanza. Aitimon alisimama karibu sana na boksi, upepo wa spika ukimpiga miguuni. Hakutazama watu. Ile sauti nzito aliyomnunulia mtu mmoja ikawafikia mamia, nami nilikuwa nyuma yake na besi yangu, nikisikia jinsi ilivyokuwa nzuri, na kila ilipokuwa nzuri moyo uliniuma zaidi. Wapo wanaosema hadi leo kwamba Mjomba aliisikia kutoka nyumbani. Uongo. Kuna kilima katikati na upepo ulikuwa unavuma kwenda upande mwingine. Na kabla ya Krismasi masikio yake yalifunga kabisa, hata ngurumo hakuisikia tena.

Tulirudi na boksi jioni kukiwa bado na mwanga. Wageni wa mtaani walikuwa wameondoka, wa Nongstoin wanakula. Mjomba alikuwa karibu na moto, mikono ya shati imekunjwa, tai iko bado shingoni, vidole vimegeuka rangi kwa popoo alizokata. Dada mkubwa wa Aitimon alitueleza kwamba kila aliyefika alimkuta mlangoni, na kabla hajapiga kelele aliambiwa, "Mwenye nyumba yuko uwanjani anapiga gitaa. Ingieni."

Aitimon aliketi kando yake. Kumpigia kelele sikioni habari ya muziki kungekuwa kama kumtania. Mjomba hakuuliza. Aliuchukua mkono wake wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, karibu na moto. Baada ya miaka ya sindano na vitambaa ncha za vidole vile zilikuwa zimelainika, na kamba zilikuwa zimezikata. Akapitisha kidole gumba juu ya kila ncha, polepole, kwanza cha shahada, kisha cha kati, kisha cha pete, akisimama kila mahali penye mfuo. Alipofika cha mwisho, kile ambacho mpiga gitaa mvivu hukiacha bila kazi, akakaa hapo muda mrefu.

"Hata kidole kidogo kimechubuka," alisema, kwa sauti kubwa ya viziwi.

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi ulipiga vizuri."

Aitimon akainamisha kichwa juu ya mikono yao yote miwili. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye mvua na lile boksi, nikalia.